Kununua au Kukodi? Historia Fupi ya Michezo ya Kompyuta Isambazwayo kwa Mtandao

Lugha yetu hupambanua vema kati ya kununua, kukodi na kuazima. Anunuaye hupata milki. Akodiye hutumia kwa malipo na kwa muda. Aazimaye hana budi kurudisha. Katika makala haya twakusudia kuitazama biashara moja ya zama zetu ambamo maana hizo zimeingiliana, nayo ni biashara ya michezo ya kompyuta isambazwayo kwa intaneti na kuchezwa pamoja na watu walio mbalimbali. Vijana tuwafundishao wanaijua kwa vitendo. Asili yake ndiyo inayohitaji kuelezwa.

Yafaa ikumbukwe kwamba michezo ya namna hii ilizaliwa vyuoni. Mtambo ulioitwa PLATO ulianzishwa mwaka 1960 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kwa ajili ya kufundishia. Kufikia mwaka 1973 wanafunzi walikuwa wakiutumia kupigana vita vya angani katika mchezo ulioitwa Empire, kila mmoja mbele ya kioo chake. Huko Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Essex, Roy Trubshaw alianza kutunga mchezo wa MUD mwaka 1978, na baadaye Richard Bartle akauendeleza. Mchezo huo haukuwa na picha hata moja. Mchezaji alisoma maelezo ya mahali alipo, akaandika amri, na humo akakutana na wenziwe. Ulikuwa ulimwengu uliojengwa kwa maneno matupu.

Usambazaji nao una historia yake. Mwaka 1983 kampuni moja ya Marekani ilianzisha GameLine, huduma iliyopeleka michezo kwa laini ya simu hadi kwenye mashine ya Atari 2600. Mchezo uliopokewa uliweza kuchezwa mara chache tu, kisha ikabidi uagizwe na kulipiwa upya. Huduma hiyo haikudumu, lakini hapana shaka kwamba ilikuwa ni ukodishaji, wala haikujificha.

Mwaka 1993 wenye kutunga Doom walifuata njia nyingine. Sehemu ya kwanza waliitoa bure ili watu wanakiliane, na anayetaka zilizosalia alipie. Watu wanne waliweza kushindana kwa kompyuta zilizounganishwa. Mwaka 1996 ukafuata Quake, uliochezwa kwa intaneti kwa msaada wa seva, yaani kompyuta ya kati inayopokea amri za kila mchezaji, kuamua lililotokea, na kuwarudishia wote habari. Mtu yeyote mwenye kompyuta ifaayo aliweza kuendesha seva yake mwenyewe.

Mageuzi makubwa yalikuja tarehe 12 Septemba 2003, wakati kampuni ya Valve ilipofungua Steam. Mwanzoni ilikuwa njia ya kusahihisha michezo yake yenyewe, kama vile Counter-Strike, ili wachezaji wote wawe na toleo moja. Mwaka 2004 ulipotoka Half-Life 2, hata aliyenunua diski dukani alilazimika kuisajili kwa Steam kabla ya kucheza. Tangu mwaka 2005 duka hilo limeuza pia michezo ya wengine. Faida zake ni dhahiri: mtunzi mdogo hufikia wateja wa dunia nzima bila kiwanda wala ghala. Lakini ufunguo wa nyumba ulibaki kwa mwenye duka.

Athari ya jambo hilo ilionekana wazi tarehe 31 Machi 2024. Siku hiyo kampuni ya Ubisoft ilizima seva za The Crew, mchezo wa magari uliotolewa mwaka 2014. Kwa kuwa hata mchezaji wa peke yake alihitaji seva hizo, wenye diski mikononi walifungiwa nje sawa na wengine, na waliotaka kuurudia iliwabidi wahangaike kuunda seva badala. Doom, iliyoutangulia kwa miaka ishirini na mmoja, ingali inachezwa, maana watungaji wake walitoa hadharani maandishi ya programu yake mwaka 1997. Basi si uzee uuao mchezo, bali utegemezi.

Malalamiko yakafuata. Mwaka 2025 ombi lililoelekezwa kwa Umoja wa Ulaya, kutaka michezo iliyouzwa isiharibiwe hivyo, lilipata saini zaidi ya 1,000,000. Jimbo la California lilikwisha kupitisha sheria mwaka 2024 inayomkataza muuzaji wa vitu vya kidijitali kutumia neno "nunua" pasipo kueleza bayana kwamba mteja anapewa idhini tu.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa sisi walimu wa lugha. Bunge lilipotaka kumlinda mnunuzi, lilianza na maana ya kitenzi. Tunapotafsiri maduka haya kwa Kiswahili, tukiandika "nunua" pale panapostahili "kodi", tutakuwa tumeshiriki katika kumpunja msomaji wetu. Inafaa basi tuwafundishe wanafunzi kuyapima maneno hayo kabla ya kutoa fedha zao.