World-Wide House

World-Wide House ni jengo la ofisi na maduka katika eneo la Central, Hong Kong. Lilijengwa mahali palipokuwa na Posta Kuu iliyobomolewa mwaka 1976.

Maduka madogo ya ghorofa zake za chini huhudumia hasa Wafilipino, ambao wengi wao ni wanawake walioajiriwa kufanya kazi za nyumbani. Kisheria wanapaswa kuishi katika nyumba ya mwajiri, na wana haki ya siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7. Kwa wengi siku hiyo ni Jumapili, na ndipo maduka hujaa.

Humo hununua samaki wakavu, siki, tambi, kechapu ya ndizi na bagoong, yaani kiungo chenye chumvi nyingi cha uduvi au samaki waliochachushwa. Baada ya kupika chakula cha mwajiri wiki nzima, huketi na wenzao katika viwanja na barabara za jirani wakila vyakula vya kwao.

Katika jengo hilohilo hutuma pia fedha kwa familia zao, pamoja na maboksi makubwa ya bidhaa na zawadi yanayoitwa balikbayan, ambayo husafirishwa hadi Ufilipino.