Viti vya Mito katika Nyumba za Makabaila wa Ufaransa

Katika Ufaransa ya karne ya 17, kiti kilikuwa kipimo cha cheo kabla hakijawa chombo cha starehe. Mfalme Louis XIV alipohamishia makao yake Versailles mwaka 1682, kila aliyeingia kasrini alijua akae juu ya nini, au kama anaruhusiwa kukaa kabisa. Mbele ya mfalme na malkia, viti vyenye mikono vilikuwa vyao wenyewe. Wanawake wenye cheo cha duchesse walikuwa na haki ya kukalia tabouret, yaani kigoda kisicho na egemeo wala mikono, chenye mto uliovishwa hariri au mahameli na kupambwa kwa mashada ya nyuzi. Wengine walisimama. Koo kubwa zilishindania haki ya kigoda hicho kama zilivyoshindania ardhi na vyeo.

Samani za namna hiyo zilihitaji vitambaa vya thamani, na Ufaransa ilizoea kuvinunua Italia na Flanders. Waziri Jean-Baptiste Colbert aliamua kuzuia fedha hizo zisitoke nje. Mwaka 1662 aliununulia ufalme karakana za Gobelins mjini Paris, na mwaka 1667 zikatangazwa kuwa kiwanda cha samani za mfalme, chini ya mchoraji Charles Le Brun. Beauvais nako kulianzishwa kiwanda mwaka 1664, na baadaye kikasifika kwa vitambaa vya viti vilivyofumwa kwa picha. Hariri ilifumwa Lyon.

Louis XIV alifariki mwaka 1715, na taratibu za kasri zikalegea. Makabaila walijenga nyumba zao Paris, hasa mtaa wa Saint-Germain, zenye vyumba vidogo vya mazungumzo, kusoma na kucheza karata. Humo kiti kilianza kuufuata mwili wa mkaaji. Ndipo ikaenea bergère, kiti kipana chenye pande zilizozibwa kwa kitambaa na mto mnene wa kukalia. Vilifuata viti virefu vya kujinyoosha na makochi ya watu wawili au watatu. Mavazi nayo yaliacha alama: wanawake walipoanza kuvaa gauni zilizotanuliwa kwa fremu kiunoni, mafundi walirudisha nyuma nguzo za mikono ya kiti ili gauni lipate nafasi.

Sebule ya kabaila ilikuwa na viti vya aina mbili. Vya kwanza vilikuwa na mgongo bapa, vikapangwa ukutani na kubaki hapo, vikilingana na nakshi za ukuta. Vya pili vilikuwa vyepesi, vyenye mgongo uliopinda, na watumishi walivisogeza katikati ya chumba wageni walipofika. Katika nyumba tajiri kabisa vitambaa vilibadilishwa kwa majira: mahameli wakati wa baridi, hariri nyepesi wakati wa joto. Ili kurahisisha kazi hiyo, baadhi ya viti vilitengenezwa vikiwa na fremu ndogo za ndani zilizoweza kutolewa pamoja na kitambaa chake.

Kiti kimoja kilipita mikononi mwa mafundi wengi, kwa kuwa sheria za vyama vya mafundi ziliwakataza kuingiliana kazi. Seremala aliunda kiunzi, mara nyingi kwa mti wa beech. Mchongaji akatia nakshi. Mwingine akapaka dhahabu au rangi. Mwisho alikuja fundi wa vitambaa, tapissier. Alivuta mikanda imara kwa kupishanisha chini ya kiunzi, akaitandika kitani, kisha akajaza singa za farasi. Singa hizo zilikuwa zimesokotwa kama kamba na kuchemshwa ili zikifumuliwa zibaki zimejikunja na kunesa. Alizishona ziumbike kingo, akavisha kitambaa na kukipigilia misumari yenye vichwa vilivyong'aa. Kwa kawaida sehemu kubwa ya gharama ilikwenda kwenye kitambaa, si kwenye mbao. Kazi hiyo ilikuwa na heshima: baba yake Molière, mwandishi wa tamthilia, alikuwa tapissier wa mfalme, na mwanawe alirithi wadhifa huo.

Maseremala wa viti walitakiwa kugonga mihuri ya majina yao kwenye kazi zao, na kwa sababu hiyo majina kama Jean-Baptiste Tilliard na Georges Jacob yanafahamika hadi leo. Mafundi wa vitambaa hawakuwa na muhuri wa aina hiyo, na wengi wao wamesahauliwa pamoja na vitambaa vyao vilivyochakaa.

Mapinduzi ya mwaka 1789 yaliwaondolea mafundi wateja wao wakubwa. Vyama vya mafundi vilivunjwa mwaka 1791, na kuanzia Agosti 1793 samani za Versailles zilipigwa mnada kwa takriban mwaka mzima, zaidi ya mafungu 17,000. Nyingi zilivuka mipaka ya nchi. Katika karne ya 19 springi za chuma ziliingia chini ya mito na kubadili namna ya kujaza viti. Hata hivyo ufundi wa zamani haukufa: Gobelins na Beauvais bado wanafuma, na katika karakana za serikali mjini Paris mafundi wanaendelea kujaza viti vya zamani kwa singa za farasi, kwa sindano na mkono.