Nyumba ya Lamu inayotunza mbuzi, kinu na fumbu

Wageni wengi wanaofika Lamu huanza na makumbusho ya ufukweni, yaliyofunguliwa mwaka 1971 katika jengo walimoishi maofisa wa serikali ya kikoloni. Humo huonyeshwa siwa, zile pembe kubwa za watawala. Ukipenya vichochoro vya mji, hata hivyo, utaikuta Nyumba ya Waswahili, makumbusho madogo yasiyo na habari ya watawala. Ni nyumba ya karne ya 18 iliyokarabatiwa, na ndani yake vimepangwa vitu vya kila siku: vitanda vya kamba, mitungi, vyombo vya jikoni. Mimi nasema hapa ndipo historia ya Lamu inaposomeka vizuri zaidi.

Anza na nyumba yenyewe. Mgeni hupita dakani, ukumbi wa mlangoni wenye baraza za mawe, ndipo aingie kiwandani, uwanja wa ndani usioezekwa. Kutoka hapo vyumba vinafuatana, kimoja nyuma ya kingine, na kila unavyosonga mbele ndivyo faragha inavyozidi, hadi ndani kabisa, kwa wenye nyumba. Vyumba vyote ni virefu na vyembamba. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haziruhusu upana unaozidi sana mita 3. Kuta ni za mawe ya matumbawe, zimepigwa lipu ya chokaa iliyotokana na matumbawe hayohayo yaliyochomwa.

Ukutani kuna zidaka, yaani vishubaka, safu juu ya safu, zilizofinyangwa kwa chokaa. Humo zilipangwa sahani na mabakuli ya kaure kutoka China, na katika karne ya 19 zikaja sahani za viwanda vya Uingereza na Uholanzi. Sahani zile zilitangaza kwamba mwenye nyumba ana jamaa na biashara ng'ambo ya bahari. Hupigwa picha sana, na si ajabu, maana zinapendeza kweli.

Kaure hiyohiyo ilikuwa na kazi nyingine, tena ya werevu mkubwa. Msalani kulikuwa na birika la maji ya kuogea na kutawadhia. Wenyeji waliweka humo samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, na sakafuni mwa birika wakajengea bakuli, ili maji yakipungua samaki wabaki na kisima chao kidogo wasife.

Lakini kaa zaidi na vyombo vya jikoni. Ipo mbuzi ya kukunia nazi, kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma wenye meno. Lipo fumbu la kuchujia tui, mfuko mrefu wa ukindu: nazi iliyokunwa hutiwa ndani na maji, kisha fumbu husokotwa na kukamuliwa mpaka tui lishuke. Kipo kinu cha mti na mchi wake. Jiko lenyewe, katika nyumba nyingi za mawe za Lamu, liliwekwa juu ili moshi usiingie vyumbani, hivyo kuni na maji vilipandishwa ngazi kila siku.

Nani alivipandisha? Si mwenye nyumba. Kazi nzito za nyumba za waungwana zilifanywa na watumwa, na wanawake miongoni mwao ndio waliotwanga, wakakuna na kupika. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Zidaka zinatueleza mwenye mali alitaka aonekaneje. Kinu na mbuzi vinatueleza nani alimlisha. Kwa hiyo kinu kile kinastahili kutazamwa kwa muda mrefu kuliko sahani zote za ukutani.

Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na mengi yameandikwa kuhusu milango na kuta zake. Kuhusu vyombo hayajaandikwa ya kutosha. Basi ukifika Lamu, ingia nyumba hii na usiishie kwenye zidaka. Na kama kwenu kuna mbuzi au kinu cha bibi, muulize angali hai: nani alikichonga, kilinunuliwa wapi, kilipikia sherehe gani. Andika majibu, pamoja na jina la aliyekitumia.