Safu ya Lugha: Gaúcho si jina la ukoo

Watangazaji wetu wa mpira humtaja Ronaldinho Gaúcho kana kwamba Gaúcho ni jina la babake. Sivyo. Gaúcho ni mtu wa Rio Grande do Sul, jimbo la kusini kabisa mwa Brazili; alibandikwa jina hilo asichanganywe na Ronaldo, Mbrazili mwenzake. Awali neno lilimhusu mpanda farasi aliyeswaga ng'ombe katika nyika za pampa. Leo hata wazao wa Wajerumani waliofika São Leopoldo mwaka 1824, na wa Waitalia wa Caxias do Sul, hujiita hivyo, kibuyu cha chai ya mate mkononi.

Basi ukizuru Porto Alegre, mji mkuu wa Rio Grande do Sul, hata dereva wa teksi mzaliwa wa jimbo hilo ni gaúcho. Mwenyeji wa jiji lenyewe ni porto-alegrense. Wa Rio de Janeiro ni carioca. Usiwachanganye.