Jumapili za Cole

Mwalimu alipoandika "namba tasa" ubaoni, darasa la tano zima liliangua kicheko. Neno lile tulilijua kutoka nyumbani. Shangazi yangu aliitwa hivyo akishapita. Mwalimu alingoja kelele zitulie, akaeleza kuwa ni namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe.

Nimelikumbuka darasa lile mwaka huu, nilipokutana na 147,573,952,589,676,412,927. Chukua mbili 67, zizidishe zote pamoja, toa moja: ndiyo hiyo, tarakimu 21.

Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliiweka kwenye orodha ya namba za aina hii alizodai kuwa ni tasa. Nani angemkagua? Kujaribu vigawo kimoja kimoja kungekupeleka hadi bilioni 12 hivi. Basi jina likakaa miaka 232. (Shangazi naye hakuna aliyemkagua. Miaka ilipita bila mtoto, watu wakahitimisha. Mumewe hakupimwa kamwe.)

Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alithibitisha kuwa namba hii si tasa. Cha ajabu, hakutaja kigawo hata kimoja. Njia yake haikuhitaji kuvijua: unafuata mlolongo wa hesabu, unatazama baki la mwisho, na baki ndilo linalokujibu. Kwa hiyo kwa miaka 27 wanahisabati walijua kwa hakika kwamba namba hii inagawanyika, na hawakujua inagawanyika kwa ngapi. Mimi hali hiyo ingeninyima usingizi.

Nadhani ilimnyima Frank Nelson Cole pia. Tarehe 31 Oktoba 1903, kwenye mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani jijini New York, alisimama mbele ya wenzake. Kwa masimulizi ya Eric Temple Bell, aliyeandika miaka mingi baadaye, Cole hakusema neno. Alikokotoa namba yetu ubaoni, kwa chaki. Akasogea pembeni, akaandika 193,707,721 mara 761,838,257,287, akazidisha mstari kwa mstari. Majibu yakalingana. Akarudi kuketi, na ukumbi ukapiga makofi. Bell anasema alipomuuliza kazi ile ilimchukua muda gani, Cole alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Hakuwa akibahatisha. Kigawo chochote cha namba hii lazima kibakize moja ukikigawa kwa 134, na sharti hilo peke yake linafuta namba nyingi mno. Zinazobaki bado ni nyingi za kummaliza mtu.

Nilitaka kuyaona majibu kwa macho yangu. Kikokotoo cha simu kilinipa tarakimu chache za mwanzo, nyingine kikazimeza. Nikatafuta karatasi ya mistari na kalamu, Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Mara ya kwanza nilisahau kubeba mbili. Mara ya pili safu zilipinda katikati ya ukurasa na sikujua nijumlishe ipi na ipi. Mara ya tatu nilianza kulia kwenda kushoto, polepole: saba, mbili, tisa, kisha mbili, moja, nne. Kufikia tarakimu ya mwisho taa zilikuwa zimeshawashwa, na ile moja ya mwanzo ilikuwa mahali pake.