Kuhama kwa Watu wa Mabondeni

Jina la Mtoni, hapa Temeke, latukumbusha ya kuwa wazee wetu walipenda kukaa karibu na maji. Penye maji pana samaki, na udongo wa bondeni huzaa sana. Lakini maji yaleyale yawalishayo watu huwafukuza pia. Wasomaji, nataka kuwaeleza habari mbili za watu wa nchi yetu waliohamishwa kwa sababu ya mafuriko, ili tuone ni jambo gani lililofaa na ni lipi lililopungua.

Habari ya kwanza ni ya Rufiji. Tangu zamani watu wengi wa huko walikaa bondeni. Mto ulipofurika ulieneza matope mashambani, na maji yalipopungua wakapanda mahindi katika ardhi yenye unyevu. Kilimo hicho hukiita mlau. Tena walijenga vibanda juu ya miti, viitwavyo madungu, wakalala humo na kulinda mazao yao na nguruwe na ndege. Basi mafuriko kwao hayakuwa adui siku zote. Lakini mwaka 1968 maji yalizidi mno, yakaharibu mashamba. Serikali ikaamua kuwahamisha watu, na mwaka 1969 wengi wakaenda kukaa katika vijiji vipya mahali pa juu. Huko mafuriko hayakuwafikia, na ilikuwa rahisi zaidi kuwajengea shule na zahanati. Walakini udongo wa juu ni wa mchanga, wala hauzai kama ule wa bondeni. Kwa hiyo msimu wa kulima ulipofika wengi walishuka tena kwenye madungu yao, wakawa watu wa makao mawili.

Habari ya pili ni ya bonde la Msimbazi, hapa Dar es Salaam. Mto huo watoka milima ya Pugu na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Mwezi wa Desemba 2011 ilinyesha mvua kubwa ambayo mfano wake haujaonekana mjini tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa, na maelfu wakakosa makao. Mwaka 2012 Serikali iliwapa wengi viwanja huko Mabwepande, kaskazini ya mji, mahali pakavu. Lakini riziki ya watu hao ilikuwa Kariakoo na mitaa ya jirani: huyu mchuuzi, huyu kibarua. Kutoka Mabwepande, nauli ilikula faida ya siku. Hata wengine wakauza viwanja vyao wakarudi bondeni. Desemba 2015 nyumba nyingi za bondeni zikabomolewa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ikakubali kusaidia kazi ya kulitengeneza bonde, na baadaye wenye nyumba wengi wakalipwa fidia ili waondoke.

Je, waliorudi walikuwa wajinga? La, hasha. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Mtu huogopa maji ya siku moja, lakini njaa huiogopa kila siku.

Sasa yafaa tujue ya kuwa jambo hili litazidi. Bahari za dunia zilipanda kiasi cha sentimeta 20 kati ya 1901 na 2018, kwa sababu maji yapatayo joto huongezeka ukubwa, na barafu ya nchi za baridi huyeyuka. Hapa Mtoni, mto Kizinga humwaga maji yake katika hori ya bandari. Bamvua likikutana na mvua za masika, bahari huziba njia ya mto, na maji ya mvua hukosa pa kwenda ila majumbani. Tukikata mikoko na kuchimba mchanga mitoni, twaubomoa ukuta wetu wenyewe, maana mchanga wa mito ndio ulishao fukwe. Watu wa Kunduchi wameona jinsi bahari inavyokula pwani yao.

Basi, siku ya kuhama ikifika, tusiulize tu kama mahali papya ni pakavu. Tuulize pia: mtu atakula nini huko, atafikaje kazini, na watoto watasoma wapi? Na maswali hayo yaulizwe mapema, wakati wa kiangazi, wazee na viongozi wakiwa wameketi pamoja. Maana mtu aliyekwisha kupanda juu ya paa hana nafasi ya kushauriana.