Jozi 42 za Makala Mezani kwa Wataalamu

Tarehe 29 Novemba 2005, wasomaji wa gazeti la USA Today walikutana na malalamiko ya mzee wa miaka 78. John Seigenthaler, mwanahabari mkongwe wa Marekani aliyewahi kuwa msaidizi wa Robert Kennedy, alikuwa amesoma wasifu wake katika Wikipedia. Humo iliandikwa kwamba aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya Rais John F. Kennedy, na hata ya Robert, mdogo wa rais huyo. Ulikuwa uongo mtupu, na ulikaa hapo zaidi ya miezi minne. Aliyeuandika alikiri baadaye kwamba alikuwa akimtania mfanyakazi mwenzake.

Wenye mashaka na kamusi elezo hiyo walipata ushahidi. Kwa zaidi ya karne mbili, tangu juzuu 3 za Encyclopædia Britannica zilipoanza kutolewa Edinburgh mwaka 1768, msomaji alijua kwamba nyuma ya kila makala yupo mhariri wa kuulizwa. Hata waanzilishi wa Wikipedia, Jimmy Wales na Larry Sanger, walianza kwa njia hiyo. Mwaka 2000 walifungua Nupedia, ambamo kila makala ilipaswa kupita hatua 7 za uhakiki. Mwaka huo ukaisha, makala hazikufika hata 30. Ndipo Januari 2001 wakafungua uwanja wa pembeni ambamo yeyote angeweza kuandika, wakauita Wikipedia. Uwanja wa pembeni ukameza nyumba kubwa.

Je, uwanja usio na mlinzi ungeaminika? Jarida la sayansi la Nature liliamua kupima badala ya kubishana. Lilichukua makala za sayansi kutoka Wikipedia na Britannica, jozi kwa jozi, likawapelekea wataalamu wa kila fani bila kuwaambia ipi imetoka wapi. Jozi 42 zilirudi na majibu yanayofaa, na matokeo yakatolewa katikati ya Desemba 2005. Wikipedia ilikutwa na dosari 162, Britannica 123. Makosa makubwa yalikuwa manane, manne kila upande.

Watu wengi walishika jambo moja tu: kwamba zote mbili ziko sawa. Mimi sikubali. Dosari takriban nne kwa makala si sawa na tatu. Tena zilizopimwa zilikuwa makala za sayansi tu. Siasa, historia na wasifu wa watu walio hai, pale hasa alipoumizwa Seigenthaler, havikuguswa. Lakini jambo zito zaidi ni hili: hata kitabu cha wahariri mabingwa kilikuwa na dosari takriban tatu katika kila makala.

Machi 2006 Britannica ilijibu kwa ukali. Ilidai kwamba Nature ilikata vipande vya makala, ikaunganisha vingine, na kuhesabu kama kosa kile ambacho mhariri alikiacha kwa makusudi. Nature ilikataa kufuta matokeo yake. Kufikia hapo, wachangiaji wa Wikipedia walikuwa wamekwisha kuchukua orodha ya dosari zao, wakazipitia moja moja na kuzisahihisha ndani ya wiki chache. Tangu Desemba, Wikipedia ya Kiingereza ilikuwa pia imewazuia wasiojiandikisha kuanzisha makala mpya. Hilo lilikuwa jibu kwa mzee Seigenthaler.

Soko halikungoja hukumu. Encarta ya Microsoft, iliyotamba kwenye diski tangu 1993, ilifungwa 2009. Mwaka 2012 Britannica ikatangaza kwamba haitachapisha tena kwenye karatasi, baada ya miaka 244. Toleo la mwisho, la 2010, lilikuwa na juzuu 32. Leo imebaki mtandaoni.

Kwa msomaji wa Kiswahili, ulinganisho huo una upande mmoja. Britannica ya Kiswahili haipo, ila Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, na wanaoitunza ni wachache mno kulinganisha na wale wa Kiingereza. Uongo kama ule wa Seigenthaler ukiingia humo, huenda msomaji wa kwanza kuugundua ni wewe. Usifunge ukurasa ukaondoka. Bonyeza “Hariri”, urekebishe, na uonyeshe ulikopata ukweli.